Kula Bila Nyama Mjini Bhuj: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Bhuj ni makao makuu ya wilaya ya Kutch, jimbo la Gujarat, magharibi kabisa mwa India. Kutoka hapo hadi bandari ya Mandvi ni kama kilomita 60. Majahazi ya Mandvi yalikuja Zanzibar na Mombasa kwa karne nyingi, na wengi wa wale tunaowaita Wahindi wa kwetu asili yao ni huku. Maswali haya nimeulizwa na ndugu na marafiki wa Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa wanaojiandaa na safari. Nimeyajibu kwa jinsi nilivyokula mwenyewe.

Sili nyama wala samaki. Nitapata chakula Bhuj?

Utapata kila kona. Nasema hivi kwa sababu najua tulikotoka. Niliacha nyama nikiwa chuoni, na tangu hapo kila harusi ya kwetu nakutana na sahani ile ile: pilau iliyochambuliwa vipande, na mama mmoja mwenye upendo wote wa dunia akiniambia, "Kula tu mwanangu, nyama nimeshaitoa." Siku ya kwanza Bhuj niliingia hoteli ndogo karibu na stendi ya basi nikiwa nimejipanga kujieleza. Mhudumu aliniuliza jambo moja tu: nataka thali au vitafunwa? Jikoni mle hapakuwa na nyama, na hakuna aliyetarajia iwepo.

Kwa hiyo maandalizi yako yahamishie kwingine. Bhuj hutahangaika na nyama. Utahangaika na maziwa, karanga, pilipili na saa za kula, na maswali mengi yaliyo hapa chini yanahusu hayo.

Kibao cha "Pure Veg" maana yake nini hasa?

Maana yake jiko hilo halipiki nyama, kuku, samaki wala yai. Yai huku linahesabiwa upande wa nyama. Maziwa, mtindi, jibini na samli vinahesabiwa upande wa mboga. Hapo ndipo wageni wengi wanapochanganya mambo: mtu anayekula mayai anashangaa kuyakosa asubuhi, na asiyetumia maziwa anakuta kila kitu kimepakwa samli.

Ukitaka mayai, yanauzwa kwenye vibanda na mikokoteni yake, mbali na hoteli hizi. Keki nyingi za madukani huokwa bila yai, na maandishi ya pakiti husema hivyo.

Nikinunua biskuti au pakiti dukani, nitajuaje?

Tazama alama ndogo ya mraba, ambayo sheria ya India inailazimu iwepo kwenye vyakula vya pakiti. Mraba wa kijani wenye nukta ya kijani ndani: hakuna nyama, samaki wala yai. Mraba wa kahawia wenye pembetatu ya kahawia: kuna kimojawapo. Zamani alama ya kahawia nayo ilikuwa ni nukta, ikawapa shida watu wasiotofautisha rangi hizo mbili, ndipo umbo likabadilishwa. Ukikutana na pakiti yenye nukta ya kahawia, ichukulie vilevile kama pembetatu.

Alama ya kijani inakuondolea pia wasiwasi wa jelatini ya wanyama kwenye peremende.

Thali ni nini na inaagizwaje?

Thali ni sinia la chuma lenye vibakuli vidogo, na ndicho chakula cha mchana cha mtu mwenye njaa. Unakaa tu, huagizi kimoja kimoja. Kwanza linakuja sinia tupu na vibakuli vyake, kisha wahudumu wanapita kwa zamu, kila mmoja na chombo chake. Wa kwanza ana mboga mbili au tatu, kwa kawaida moja ya viazi, moja ya majani au bamia au biringanya, na moja ya jamii ya kunde kama choroko au dengu. Wa pili analeta dal, mchuzi wa mbaazi zilizokobolewa. Wa tatu kadhi, mchuzi mweupe wa mtindi na unga wa dengu wenye harufu ya mvuje na jira. Kisha rotli, mikate ya ngano myembamba kama karatasi, ikipakwa samli mbele yako. Kuna kachumbari, achari, papad (kaki nyembamba ya unga wa kunde), kitafunwa cha kukaanga au cha mvuke, kitu kitamu, na bilauri ya chaas, yaani mtindi mwepesi wa chumvi.

Mambo matatu yatakusaidia. Kwanza, usijaze tumbo kwa rotli. Wali huja mwishoni, na wenyeji huula kwa dal au kadhi kama sehemu ya pili ya mlo. Mimi siku ya kwanza nilikula rotli sita, na wali ulipofika nilibaki nautazama.

Pili, ukiambiwa thali haina kikomo, hakika haina kikomo. Kibakuli kikipungua kitajazwa bila kuulizwa. Kusimamisha neema hiyo, weka kiganja juu ya sinia na useme "bas". Neno ni lile lile letu, basi, na linaeleweka papo hapo. Ukitaka kidogo tu, sema "thodu".

Tatu, thali moja ni ya mtu mmoja. Kugawana watu wawili sinia lisilo na kikomo hakukubaliki, na kuacha chakula kingi sahanini kunawaumiza waliokupakulia. Omba kidogo, maliza, omba tena.

Usishtuke dal ikiwa na utamu. Wagujarati hutia sukari guru kwenye dal na hata kwenye baadhi ya mboga, pamoja na ukwaju au ndimu. Chakula cha Kutch hakina utamu mwingi kama cha Surat au Ahmedabad, lakini utausikia. Baada ya siku tatu ulimi wangu ulizoea, na baada ya wiki nikawa nautafuta.

Dabeli ndiyo nini? Kila mtu ananiambia nisirudi bila kuila.

Wanakwambia kweli. Dabeli ni chakula cha barabarani cha Kutch, na watu wa Mandvi wanaeleza kuwa kilianzia mjini kwao miaka ya 1960. Jina lake maana yake ni kilichoshindiliwa.

Simama pembeni uangalie kinavyotengenezwa kabla hujanunua. Mchuuzi ana sinia pana la viazi vilivyopondwa na kuchanganywa na masala ya dabeli, vyekundu kahawia, vimesawazishwa kama kichuguu. Juu yake amevipamba: punje za komamanga, nazi iliyokunwa, majani ya giligilani, karanga zilizokaangwa zikavikwa pilipili. Anachukua mkate mdogo, anaupasua bila kuutenganisha. Upande mmoja anapaka chatne tamu ya ukwaju na tende, upande wa pili chatne ya kitunguu saumu na pilipili. Anachota viazi kwa ubapa wa kisu na kuvishindilia ndani mpaka mkate unafumbuka mdomo. Anaongeza vitunguu, karanga na komamanga. Kisha anauweka kwenye chuma cha moto chenye siagi, anaugeuza mara mbili, na mwisho anazichovya kingo zake kwenye sev, zile tambi nyembamba za unga wa dengu, zishikamane kila upande.

Ukiuma unapata moto, utamu, uchachu na karanga zinazovunjika, vyote kwa pamoja. Aliyekulia kwenye urojo wa Forodhani hatahitaji kuelezwa zaidi. Ni mikono tofauti, lakini akili ya upishi ni ile ile: viazi, ukwaju, kitu cha kukaanga juu, na ulimi usijue uanzie wapi.

Asiyetumia siagi aseme mapema. Wengine wanakaangia mafuta, na wengine watakupa bila kukaanga ukiomba.

Niliomba kachori nikaletewa kitu kingine. Nimekosea wapi?

Hukukosea, neno limesafiri likabadilika. Kachori ya kwetu, kiazi kilichopondwa kikavikwa unga wa dengu na kukaangwa, huku inaitwa bateta vada. Ukisema kachori utaletewa duara dogo la unga wa ngano lililokaangwa likakauka, ndani lina choroko au mbaazi mbichi na viungo. Nalo ni zuri, ila si lile ulilokuwa na hamu nalo.

Chapati nayo ina mtego. Ile yetu nene ya kukunja na mafuta inafanana zaidi na paratha. Mkate wao wa kila siku ni rotli, mwepesi, hauna mafuta mpaka upakwe samli.

Mengine yatakupokea kama nyumbani. Bajia ni bhajiya. Kachumbari ni kachumber. Sambusa ni samosa, nayo ina viazi na njegere. Mitai, ladu, chai, masala, duka, gari: sema tu, utaeleweka au utakaribia sana. Mbatata wanauita bateta au batata, maana sisi na wao tulilipata neno hilo kwa Wareno. Ila jihadhari na "kaka". Kwao kaka ni baba mdogo, kwa hiyo usimwite hivyo kijana wa rika lako. Yeye ni "bhai", na mwanamke anayekuhudumia ni "ben".

Nimechoka na ngano na wali. Kuna kingine?

Kuna rotlo, na kwangu mimi hicho ndicho chakula chenyewe cha Kutch. Nchi hii ni kavu, inapakana na jangwa la chumvi la Rann, na uwele unastahimili pale ambapo ngano inakufa. Unga wa uwele unakandwa kwa maji ya moto na chumvi, kisha unapigwapigwa katikati ya viganja mpaka uwe duara nene, bila kibao wala mti wa kusukumia. Unaokwa kwenye kikaango cha udongo. Ukitoka una madoa meusi na harufu ya moshi, na hapo unabonyezwa katikati kwa kidole, kinatiwa kipande cha siagi nyeupe.

Huliwa jioni, pamoja na oro, yaani biringanya iliyochomwa kwenye moto, ikamenywa, ikapondwa na kukaangwa na vitunguu na nyanya. Pembeni panakuwa na sukari guru, kitunguu kibichi kilichopasuliwa kwa ngumi, na chaas. Nililetewa mlo huu kwenye kijiji kimoja nje ya Bhuj na mama aliyekuwa akiupika huku akituongelesha. Alipiga rotlo nne, na sauti ya viganja vyake haikukatika hata mara moja alipokuwa anacheka.

Mimi situmii maziwa kabisa. Nitaweza?

Utaweza, lakini hili ndilo litakalokutaka uwe macho. Samli hupakwa bila kuulizwa, kwa sababu kumnyima mgeni samli ni uchoyo. Chai hupikwa ndani ya maziwa. Kadhi na chaas ni mtindi. Mitai karibu yote ina samli au maziwa. Jibini ya paneer imejaa kwenye hoteli za kisasa.

Usiseme tu kwamba wewe ni mla mboga, maana kwao maziwa yamo humo. Taja kimoja kimoja: maziwa ni "dudh", mtindi "dahi", samli "ghee", siagi "makhan". Neno la "bila" ni "vagar", nalo hukaa nyuma: "ghee vagar", "dahi vagar". Rotli isiyopakwa kitu inaitwa "kori rotli", na ukilijua neno hilo umeshatatua nusu ya mlo. Nusu ya pili ni mboga zilizopikwa kwa mafuta, dal, wali, rotlo isiyo na siagi, bajia na matunda. Uliza dal imekaangiwa nini, samli au mafuta.

Omba kwa upole na kabla ya sahani kufika. Ukikataa ikiwa mezani, mpishi anaona amekukosea.

Kwa nini hoteli nyingine hazina hata kitunguu?

Wajaini wanaoshika sana mafundisho ya dini yao hawali mboga zinazong'olewa ardhini: vitunguu, vitunguu saumu, viazi, karoti. Kuung'oa mmea na mzizi wake ni kuua mmea mzima na wadudu waliomo udongoni, na wao wanakwepa kuua kadiri wanavyoweza. Wafuasi wa Swaminarayan, dhehebu la Kihindu lenye watu wengi sana Kutch, nao hawatumii kitunguu wala kitunguu saumu. Badala yake mvuje hufanya kazi, na ukiuzoea hutadai kitunguu.

Kwa hiyo ukiona neno "Jain" pembeni ya chakula, ujue hakina mizizi. Hata dabeli ya Kijaini ipo, viazi vikabadilishwa kwa ndizi mbichi.

Nina mzio wa karanga. Au wa ngano. Nifanyeje?

Wa karanga: tafadhali lichukulie hili kwa uzito mkubwa kuliko yote niliyoandika hapa. Gujarat inalima karanga nyingi kuliko majimbo mengine ya India, na mafuta ya karanga ni mafuta ya kawaida ya kupikia. Yatakuwa kwenye bajia, kwenye mboga, kwenye vitafunwa. Karanga nzima zimo kwenye dabeli, na zilizosagwa zimo kwenye chatne na michuzi usiyoidhania. Karanga ni "sing" au "singdana", mafuta yake "sing tel". Beba karatasi iliyoandikwa kwa Kigujarati na mtu anayeijua lugha, uioneshe jikoni, siyo kwa mhudumu peke yake, na beba dawa zako. Mwenye mzio mkali akae mahali anapoweza kujipikia.

Wa ngano: rotlo ya uwele, wali, khichdi (wali uliopikwa na choroko mpaka ukalainika) na vyakula vya unga wa dengu vitakubeba vizuri. Lakini mvuje unaouzwa madukani mara nyingi umechanganywa na unga wa ngano ili usagike, na unga huo hauonekani wala hausikiki kwenye chakula. Uliza kuhusu "hing", ndiyo mvuje kwa lugha yao.

Mimi ni Mwislamu kutoka pwani. Chakula hiki kinanifaa?

Wengi wa ndugu zangu Waislamu wamekula Bhuj kwenye hoteli za mboga kwa utulivu kabisa, kwa kuwa hakuna suala la nani kachinja. Pombe pia imepigwa marufuku Gujarat tangu jimbo lianzishwe mwaka 1960, kwa hiyo huwezi kukaa meza moja na mnywaji. Kutch yenyewe ina Waislamu wengi, misikiti ipo, na mitaani kwao utapata nyama ya halali ukiihitaji.

La kuangalia ni vitu vitamu unavyopewa hekaluni au nyumbani baada ya ibada, ambavyo vimetolewa kwanza mbele ya miungu. Kama dini yako haikuruhusu, weka mkono kifuani, shukuru na ueleze kwa upole. Wenyeji wameishi pamoja muda mrefu na hawachukii.

Pilipili ni kali?

Si kali kuliko ya Zanzibar. Kinachounguza ni chatne nyekundu ya kitunguu saumu na pilipili mbichi zilizokaangwa wanazokuwekea pembeni ya bajia. Sema "tikhu ochhu", pilipili kidogo. Kwa mtoto agiza khichdi pamoja na mtindi au ndizi. Rotli yenye samli na sukari guru iliyokunjwa kama mkeka hakuna mtoto anayeikataa.

Maji na tumbo?

Kunywa maji ya chupa yenye kifuniko kisichofunguliwa, au yaliyochemshwa. Chaas ina maji ndani yake, kwa hiyo inywe kwenye hoteli yenye watu wengi, siyo kwenye mkokoteni uliolala juani. Ninachokwepa kabisa siku za mwanzo ni pani puri, vile vipira vya kukaanga vinavyojazwa maji ya viungo, kwa sababu maji hayo hayajapita kwenye moto.

Ukinywa kwenye chupa ya pamoja, usiiguse kwa midomo, mimina kinywani kutoka juu. Chakula kilichoguswa na mdomo au na mkono unaotumia kula hakirudi kwenye sahani ya mwenzako. Tumbo likivurugika, nunua chumvi za kuongeza maji mwilini kwenye duka la dawa na ukae na khichdi na mtindi siku mbili. Ndivyo wenyeji wanavyofanya.

Watu wanakula saa ngapi?

Thali ya mchana ni saa sita mpaka saa nane na nusu hivi. Baada ya hapo mji unalala, maduka mengi yanafungwa, na utapata chai na vitafunwa tu mpaka jioni. Chakula cha usiku kinaanza saa moja. Nilikosa mlo mara mbili kwa kufika saa tisa nikitembea na njaa yangu ya nyumbani: saa ya India iko mbele yetu kwa saa mbili na nusu, na tumbo halibadilishi saa siku hiyo hiyo.

Nile wapi hasa?

Sitaji majina, kwa sababu wapishi huhama. Tembea karibu na stendi ya basi, sokoni, na kando ya ziwa Hamirsar jua likishazama. Ukiona familia nzima na bibi zao wamekaa wanakula, ingia. Kama una kitabu cha wageni cha zamani, usikifuate: tetemeko la tarehe 26 Januari 2001 liliubomoa mji huu, na sehemu kubwa ya unayoyaona yamejengwa upya.

Beba noti ndogo. Wachuuzi wengi wanalipwa kwa simu, na mgeni asiye na akaunti ya India hukwama.

Ni kweli kuna vijiji ambako watu wanajua Kiswahili?

Ni kweli. Madhapar, Baladia, Kera na vijiji vingine vinavyouzunguka mji wa Bhuj vina familia nyingi zenye ndugu Nairobi, Mombasa na London, na wako wazee waliozaliwa Kenya wakarudi. Kera ndiko alikozaliwa Allidina Visram mwaka 1851, mfanyabiashara aliyeeneza maduka kutoka pwani yetu mpaka Uganda, ambaye jina lake liko kwenye shule ya sekondari Mombasa mpaka leo.

Baladia nilikuwa nazungumza na simu kwa sauti kubwa kidogo, nikasikia nyuma yangu, "Wewe mtoto wa wapi?" Alikuwa bibi aliyevaa sari nyeupe, amekaa kibarazani anachambua majani ya uwatu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akauliza swali ambalo lingeulizwa na bibi yeyote wa kwetu: "Umekula?" Nilikula kwake khichdi na kadhi, na maembe ya achari aliyoyatengeneza mwenyewe. Yeye hajala nyama maisha yake yote, Nairobi na Baladia. Nilipomuuliza anakosa nini cha Kenya, alijibu bila kufikiri: muhogo wa kuchoma, wenye ndimu na pilipili. Tukakaa kimya wote wawili tukiufikiria.

Je, naruhusiwa kula mahekaluni?

Mara nyingi ndiyo, na chakula chote huwa ni cha mboga. Hekalu la Ashapura huko Mata no Madh, kiasi cha kilomita 100 kutoka Bhuj, hulisha mahujaji. Wakati wa Navratri, sikukuu ya Kihindu ya siku tisa, kwa kawaida mwezi wa Oktoba au mwisho wa Septemba, maelfu hutembea kwa miguu kwenda huko, na njia nzima inajaa mahema ya watu wa kujitolea wanaogawa chai, maji na vyakula bure. Huko Lakhpat, ukingoni mwa Rann, lipo hekalu la Masingasinga linalomkumbuka Guru Nanak, mwanzilishi wa dini yao, nako mgeni yeyote hupewa mlo. Vua viatu, funika kichwa, kaa chini na wengine, na uoshe sahani yako ukimaliza kama wafanyavyo wao. Ukitaka kuacha chochote, kiingize kwenye sanduku la sadaka.

Na kwenye treni?

Treni za usiku kutoka Mumbai kama Kachchh Express zina abiria wengi wasiokula nyama, lakini jiko la treni za India hupika vyote viwili, kwa hiyo taja mapema kwamba unataka cha mboga na utazame alama kwenye kifuniko. Bora zaidi, fanya kama Wakutch wenyewe: nunua thepla. Ni chapati nyembamba za unga uliokandwa na majani ya uwatu, manjano na pilipili, na hazichachi kwa siku kadhaa. Ukizifungua kwenye behewa, jirani yako atafungua achari yake, na safari itakuwa fupi.

Niende mwezi gani?

Novemba mpaka Februari. Hewa ni baridi, Rann imekauka ikawa nyeupe, na ndio msimu wa rotlo, oro, vitunguu saumu vibichi na adadiya, mitai ya unga wa urad (aina ya choroko nyeusi), samli na viungo vya kutia joto. Kuanzia Aprili joto hupita nyuzi 40, lakini maembe ya kesar yanakuwa yamekuja. Juni na Julai ni wakati wa kharek, tende mbichi za Kutch, nyekundu na njano, ngumu kama tufaha. Sisi tunaojua tende za mwezi wa Ramadhani tu, hili ni tunda jipya kabisa.

Nasafiri na wenzangu wanaokula nyama. Tutagombana?

Hapana, nyama ipo mitaani kwa wanaoiuza. Wasiilete tu kwenye nyumba ya wageni yenye kibao cha "Pure Veg", hata ikiwa imefungwa kwenye mfuko. Wenye nyumba wanaona chumba kimechafuliwa.

Nibebe nini nikirudi?

Gulab pak, mitai ya maziwa na majani ya waridi ambayo Kutch inasifika kwayo, itakaa siku chache ikiwa imefungwa vizuri. Lakini kitu cha kwanza kwenye begi langu ni masala ya dabeli, pakiti nne au tano. Viazi unavyo, ukwaju unao, karanga, nazi na mkate vipo mtaani, na komamanga utalipata sokoni. Kilichokuwa kinakosekana ni yale masala tu. Yafunge mara mbili kwenye nailoni, la sivyo nguo zako zote zitanukia Mandvi.